"MFUTE" AU "IFUTE"? LUGHA YA MSAADA MIONGONI MWA MASHABIKI WA RIWAYA-TASWIRA, KWA KUREJELEA MERU NA EMBU

Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili imezoea kubishiwa hodi na tanzu ambazo mwanzoni hukataliwa mlangoni. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kabla ya kuja kukubaliwa kuwa kitabu cha kufundishia. Vitabu vya David Maillu, vilivyotungwa kwa Kiingereza na kusomwa kwa pupa na vijana wa Kenya katika miaka ya 1970, vilizuiwa Tanzania mwaka 1976. Katuni za Shujaaz zilipoanza kutolewa mwaka 2010, zikiwa na Sheng iliyokolea, walikuwapo waliohofia kwamba Kiswahili sanifu kingeharibika. Mwaka 2012 katuni hizo zilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy, na Kiswahili sanifu kingali hai.

Utanzu unaojadiliwa katika makala hii haujapata hata heshima ya kukataliwa. Ni ule mchezo wa kompyuta unaosomwa kama riwaya: maandishi hupita chini ya kioo, picha za wahusika husimama juu yake, muziki hulia, na kila baada ya muda msomaji hutakiwa kuchagua mhusika mkuu atasema nini au atamfuata nani. Kwa kukosa istilahi iliyozoeleka, makala hii itauita riwaya-taswira. Asili yake ni Ujapani, na sehemu kubwa ya kazi zake zimekusudiwa watu wazima, ama kwa sababu ya mapenzi yaliyomo, ama kwa sababu ya uzito wa mambo yanayosimuliwa.

Makala hii inanuia kuchunguza lugha wanayoihitaji mashabiki wa utanzu huu wanapopeana msaada wa kiufundi. Eneo la Meru na Embu limeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, vyuo vikuu vimesongamana kandokando ya barabara moja: kuna Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya kilichoko Kaaga, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru. Pili, Kiswahili cha huko ni lugha ya pili au ya tatu, baada ya Kimeru pamoja na lahaja zake, Kiembu au Kimbeere, na jambo hilo, kama itakavyoonekana, lina athari katika sarufi ya msaada wenyewe. Mifano ya mazungumzo iliyomo humu imetungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata Kiswahili kinachosikika bara.

Klabu ya fasihi ndani ya kompyuta

Kazi itakayorejelewa ni Doki Doki Literature Club, iliyoongozwa na kuandikwa na Dan Salvato wa Marekani na kutolewa bila malipo tarehe 22 Septemba 2017. Katika miezi michache tu ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni moja. Haina matukio ya ngono, lakini hufunguliwa kwa onyo kwamba haiwafai watoto wala wale wanaoshtuka upesi, na onyo hilo si la kupuuzwa. Hadithi huanza kwa utani: mvulana anajiunga na klabu ya fasihi ya shule yenye wasichana wanne, Sayori, Natsuki, Yuri na Monika, nao husomeana mashairi. Baadaye Sayori, aliyekuwa mchangamfu kuliko wote, anajitoa uhai, na tangu hapo mchezo wenyewe unaanza kuharibika mbele ya macho ya msomaji.

Kazi hii ilijengwa kwa programu iitwayo Ren'Py, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Tom Rothamel. Jina hilo limeunganishwa kutokana na neno la Kijapani linalohusu mapenzi na jina la lugha ya kompyuta ya Python. Ren'Py hutolewa bure, na kazi zilizojengwa kwayo huweza kutayarishwa hata kwa ajili ya simu. Sifa hiyo si ndogo mahali ambapo kijana hukutana na intaneti kupitia simu na bando kabla hajaketi mbele ya kompyuta ya chuo au ya saiba.

Mhusika aliye faili

Kiini cha makala hii kimo katika tukio moja. Inafika hatua ambapo Monika, rais wa klabu, amewaondoa wenzake na kuketi peke yake akimtazama msomaji. Hakuna kitufe cha kubonyeza ili hadithi isonge. Msomaji hana budi kutoka nje ya hadithi, afungue kabrasha lenye faili za wahusika katika kompyuta yake, aitafute faili yenye jina la Monika, na kuifuta kwa mkono wake.

Hapa ndipo shabiki aliyekwama humwendea mwenzake. Kwa Kiingereza mwenzake angeweza kumwambia afute, akataja jina, na basi. Kiswahili hakimruhusu mtoa msaada kukwepa kirahisi hivyo. Yambwa yenye uhai, hasa ikiwa jina la mtu, hudai kiambishi chake katika kitenzi. "Futa Monika" ni sentensi inayochechemea. Ama atasema "mfute Monika", ama atasema "ifute faili ya Monika". Sentensi ya kwanza inamtambua Monika kuwa nafsi, na hivyo tendo la kumfuta linakaribia kuwa mauaji. Sentensi ya pili inamrudisha katika ngeli ya I-ZI, miongoni mwa kalamu na karatasi. (Wanaosema "faili hili" watamtia katika LI-YA, lakini uhai hauongezeki.) Swali ambalo wahakiki wa kazi hii wameliandikia kurasa nyingi, yaani kama Monika ni mtu au ni data, msemaji wa Kiswahili hulazimika kulijibu ndani ya silabi moja, tena kabla hajafikiri.

Katika Meru na Embu jambo hili huzidi kunoga. Inafahamika vyema kwamba Kiswahili cha bara husema "ng'ombe imekufa" na "mbwa yangu imepotea" pale ambapo sanifu hutaka "ng'ombe amekufa" na "mbwa wangu amepotea". Walimu husahihisha kwa kalamu nyekundu, lakini kosa hilo lina mantiki yake. Katika lugha kadhaa za Kibantu za eneo la Mlima Kenya, Kikuyu ikiwa mojawapo, majina ya wanyama hufuata upatanisho wa ngeli yake yenyewe na hayaburutwi hadi kwenye ngeli ya watu. Kwa hiyo mpaka kati ya anayestahili "a-" na kinachostahili "i-" haukupita mahali pamoja kwa wasemaji wote. Kijana anayesema "hiyo Monika iondoe tu, itakusumbua" huenda hajakosea sarufi tu. Amepitisha hukumu kwamba kiumbe hiki, ingawa kinaongea na kulia, hakijavuka mpaka wa utu. Mwenzake anayejibu "lakini umemwondoa, si umeiondoa" ametoa hoja ya kihakiki, wala si marekebisho ya mtihani.

Kuna faida nyingine ambayo mtafsiri ataipokea kwa furaha. Monika hujiuliza kama mtu aliye upande wa pili wa kioo ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kina viwakilishi vinavyolazimisha jibu. Kiambishi "a-" cha Kiswahili hakibagui jinsia, na mtafsiri anaweza kumwacha Monika katika shaka yake hadi mwisho bila kutumia hila yoyote.

Hitilafu au hadithi?

Mazungumzo ya msaada wa kiufundi huwa na muundo unaotabirika: mwenye shida hueleza kilichotokea, huulizwa maswali, hupewa maelekezo, huyajaribu, hurudi na matokeo, hushukuru. Namna ya kuelekeza nayo hufichua uhusiano. Amri tupu, "zima, washa tena", hutolewa kwa rika. Kwa aliyetangulia masomoni hutumika dhamiri tegemezi, "uzime kwanza, kisha uwashe", na wakati mwingine mtoa msaada hujitia ndani, "hebu tuzime tuone", ingawa mashine ni moja na iko mikononi mwa mtu mmoja.

Ila kwa kazi hii muundo huo huvunjika. Baada ya kifo cha Sayori, mchezo huonyesha ujumbe wa hitilafu ambao ni wa kuigiza. Herufi huvurugika, picha hukatika, muziki hupinda. Yote hayo yameandikwa na mtunzi. Shabiki anayesema "kompyuta yangu imeharibika" huenda anaeleza sura ya hadithi bila kujua. Mtoa msaada lazima kwanza atenganishe hitilafu ya mashine na hitilafu ya kisanaa, na kutenganisha huko ndiko uhakiki. Pengine ni mara chache sana ambapo swali la "je, hii ni sehemu ya fani au ni kosa la mpiga chapa?", ambalo wahariri wa tenzi za kale wamelikabili katika miswada, limeulizwa na mtu aliyeshika kipanya.

Mashabiki wa kazi hii wamefanya pia kazi inayofanana na ya wahariri hao. Faili za wahusika huficha mambo: ya Natsuki ni picha iliyogeuzwa, ya Sayori ni sauti, na ya Yuri ni maandishi yaliyofichwa kwa msimbo. Yalifumbuliwa kwa ushirikiano, mmoja akijua picha, mwingine sauti, mwingine hesabu. Kwa Kiswahili, kazi kama hiyo ingehitaji istilahi, na istilahi zipo kuliko wengi wanavyodhani. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ikafuata na programu zake kwa Kiswahili. Tatizo ni kwamba istilahi hizo zilikutana na zile za Kenya: tarakilishi, kipakatalishi, rununu. Mwanafunzi wa Embu akiandika "tarakilishi", mwenzake wa Dodoma ataelewa baada ya kupumua. Akisema "kompyuta", wote wawili wataendelea na shida iliyowaleta. Katika msaada wa kiufundi neno bora ni lile linalomfikisha mtu kwenye faili sahihi kabla betri haijaisha.

Kukwama

Neno linalotawala mazungumzo haya ni "kukwama". Mchezo umekwama, programu imekwama, nimekwama. Kitenzi hiki hakitofautishi anayeshindwa kuendelea kwa sababu ya mashine na anayeshindwa kwa sababu ya moyo. Mtu akisema "nimekwama pale kwa Sayori", maana mbili zinawezekana. Huenda kioo kimeganda. Huenda pia amefunga mchezo usiku huo na hataki kuufungua tena, kwa kuwa alichokiona kinafanana na jambo analolijua.

Kiswahili cha Kenya bado kinayumba katika kulitaja jambo hilo. Tanzania ina neno "sonona". Kenya husikika zaidi "msongo wa mawazo" au "mfadhaiko", maneno yanayobeba pia uchovu wa kawaida wa wiki ya mitihani, na hivyo hayamtoi mgonjwa kwenye kundi la waliochoka tu. Woga wa kulitaja ulikuwa pia na mizizi ya kisheria. Kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai nchini Kenya chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka saba na zaidi tangu kazi hii itolewe, msomaji wa Kenya aliyetaka kumweleza mwenzake kwa nini tukio la Sayori lilimgusa alikuwa anakaribia kukiri kosa. Mtoa msaada anayejua lugha huuliza "umekwama au mchezo umekwama?" Ni swali fupi, na sarufi yake imekwisha kutenga nafsi na ngeli.

Maneno ishirini

Katika klabu ile msomaji hutunga shairi kwa kuchagua maneno ishirini kutoka katika orodha. Kila neno hupendwa na mmoja wa wasichana: Sayori hupenda ya furaha na majonzi, Natsuki ya kitoto na matamu, Yuri mazito na ya giza. Shairi lenyewe halionyeshwi. Kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili huu ni upungufu mkubwa, kwa kuwa maneno bila mpangilio ni mzigo wa kuni ambao haujafungwa. Hata hivyo idadi yenyewe inastaajabisha. Ubeti wa tarbia wenye mizani kumi na sita kwa kila mshororo una mizani sitini na nne. Kwa kuwa neno la Kiswahili aghalabu huwa na silabi kama tatu, ubeti mzima hubeba maneno ishirini au kuzidi kidogo. Mchezo huu ungeweza kumdai msomaji wa Kiswahili ubeti kamili, wenye vina vya kati na vya mwisho, bila kubadilisha hesabu yake.

Mashabiki hubuni matoleo yao ya kazi hii, na studio ya Salvato imeyaruhusu kwa masharti. Ren'Py nayo ina nafasi maalumu ya kuwekea tafsiri. Anayetaka kuanza angefanya vyema kuanza na orodha ya maneno, si na mazungumzo, kwa sababu ndiyo inayodai uamuzi kwa kila neno. "Kiza" na "dhuluma" ni ya Yuri bila ubishi. "Peremende" ni ya Natsuki. "Ukungu", kwa mtu aliyelelewa Nkubu au Runyenjes, si neno la huzuni hata kidogo, ni asubuhi ya kawaida, hivyo litawagawanya watafsiri. Na mtu akipendekeza kuingiza "miraa" kwa heshima ya Igembe, ajiandae kwa dai la "muguka" kutoka Mbeere, na kwa mjadala mrefu kuhusu ni msichana yupi kati ya watatu angekubali kulipokea lolote kati ya hayo mawili.