Mto: Neno Moja, Majibu Mawili

Siku hizi wengi wetu tunatafuta maneno ya Kifaransa katika telefone. Ni vizuri, lakini tuangalie. Ukiandika "mto", telefone inaweza kukujibu "rivière" tu. Basi unaandika "la rivière Congo" na profesa anapiga mstari mwekundu. Kwa nini? Kwa Kifaransa, mto unaofika baharini ni "le fleuve". Ule unaoingia katika mto mwingine ni "la rivière". Hapa Kisangani tunayo yote mbele ya macho: Kongo ni fleuve, Tshopo na Lindi ni rivières. Sisi tunasema mto mkubwa, mto mdogo, imeisha!

Kwa hiyo katika kaye tuandike neno pamoja na "le" au "la", tena na sentensi ya kwetu.

Halafu, kukumbuka. Programu ya Anki, iliyotoka mwaka 2006, inakuuliza neno. Ukijibu vema, linarudi baada ya siku nyingi. Ukikosa, linarudi upesi. Asiye na telefone asihuzunike. Sebastian Leitner alieleza kazi kama hiyo katika kitabu cha mwaka 1972, kwa kadi na sanduku lenye vyumba. Kadi uliyojibu vema inasogea mbele, uliyokosa inarudi chumba cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Tukate makaratasi, Kiswahili upande huu, Kifaransa upande ule, na tuseme jibu kwa sauti kabla ya kugeuza. Kwa "mto" tutengeneze kadi mbili: "mto unaofika baharini" na "mto unaoingia mto mwingine".