Banda lisiezuliwe: dondoo kabla ya mvua za Novemba

Upepo wa mvua za kwanza huku Tabora huezua paa kwa kuliinua kutoka chini, hivyo kazi yako ni kulifunga lisipande.

1. Fukia nguzo futi 2 au zaidi, ushindilie mawe na udongo. Paka oili chafu sehemu itakayozama. Mchwa huanzia hapo.
2. Funga kenchi kwenye nguzo kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko miwili, usokote kwa koleo mpaka ukaze. Msumari peke yake huchomoka. Kosa hili nimeliona sana, kwenye mabanda ya kuku na hata mabani ya tumbaku.
3. Pigilia misumari ya bati kwenye mgongo wa bati, na iwe ya karibukaribu kwenye upenu.
4. Usitegemee mawe juu ya bati. Tembe za kale zilitulia kwa udongo uliotandazwa paa zima. Mawe machache huporomoka na kuumiza watoto.
5. Weka komeo imara: mlango ukifunguka, upepo huingia na kubeba paa.
6. Kata matawi makavu ya mwembe ulio karibu.