"Amekubali mwenyewe": Ridhaa isiyo ridhaa

Lipo neno moja ambalo limewaokoa waovu wengi katika vikao vya familia: "Amekubali mwenyewe." Leo tulipime kwa mizani mbili, ya sheria ya nchi na ya dini yetu.

Tuchukue mfano. Mvuvi wa miaka 25 pale Mbamba Bay anampa mimba binti wa miaka 16. Wazee wanakaa. Binti anaulizwa, anajibu kuwa alimpenda. Baba anapokea fedha, mambo yamekwisha. Kule Mbinga, mwenye pesa za kahawa naye anamalizana hivyo hivyo. Je, yamekwisha kweli?

Hayajakwisha. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, baada ya mabadiliko ya mwaka 1998, kinasema kuwa binti aliye chini ya miaka 18, asiye mke wa mtuhumiwa, ridhaa yake haihesabiki. Huo ni ubakaji, hata kama alikubali. Adhabu ya mtu mzima haipungui miaka 30 jela. Na jinai ni kesi ya Jamhuri, si ya baba, hivyo fedha aliyopokea haiifuti.

Si umri peke yake. Ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho au kumzuilia mtu si ridhaa. Ya aliyeleweshwa au asiye na akili timamu vile vile. Sheria inamtaja pia mganga wa kienyeji na kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake vibaya. Walimu wa madrasa tulisikie hilo.

Je, Uislamu unasemaje? Ammar bin Yasir (r.a.) aliteswa na makafiri wa Makka mpaka akatamka neno la kufuru, na Allah (s.w.) akateremsha udhuru wake katika Surat An-Nahl, aya ya 106. Ulimi ulitamka, moyo haukuridhia, neno halikuhesabiwa. Khansaa bint Khidam (r.a.) aliozwa na baba yake bila ya kuridhia, na Mtume (s.a.w.) akaivunja ndoa ile.

Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 6, tumeamrishwa tusimkabidhi yatima mali yake mpaka tuone amepevuka kiakili. Subhanallah! Mtoto haaminiwi na shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu baba yake, vipi aaminiwe kuridhia jambo litakaloharibu masomo yake na maisha yake?

Wapo wanaosema kuwa ukimya wa bikira ni ridhaa. Kweli, lakini hayo yalisemwa katika kuombwa idhini ya nikah, mbele ya walii. Hayakusemwa juu ya zinaa wala juu ya binti aliyetishwa.

Basi wazazi, fedha ile ni bei ya mtoto wenu. Msiipokee. Mpelekeni binti hospitali, kisha polisi. Na kesho mbele ya Allah tutaulizwa tuliopaswa kumlinda, si yeye aliyesema "ndiyo".

Wabillahi tawfiq.