Ndoa ya Bibi Salme: Somo kwa Kanisa



Kabla ya kuendelea tunaomba kila mmoja afungue Biblia yake, asome Hesabu sura ya 12. Ni habari fupi. Musa alikuwa ameoa mwanamke Mkushi, na Miriamu na Haruni, ndugu zake wa tumbo moja, wakamnung'unikia kwa ajili ya mke huyo. Lakini tukifika mstari wa pili tunaona kwamba habari za mke zimekwisha. Sasa wanauliza kama Bwana amesema na Musa peke yake. Kumbe ugomvi ulikuwa juu ya ukubwa, na mke alikuwa kisingizio tu.

Leo tutazame ndoa moja ya nchi yetu ambayo nayo ilisemwa sana, tupate kuona nyuma ya maneno yale kulikuwa na nini.

Binti wa Sultani

Bibi Salme alizaliwa Unguja, katika jumba la Mtoni, tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mweupe aliyetoka nchi za Kaukazi, na katika nyumba hiyo walikuwamo pia masuria wa Kihabeshi. Tuone basi kwamba damu za mataifa mbalimbali zilikuwa zimekwisha kuchanganyika jumbani, wala hakuna aliyelalamika maadamu mwanamume ndiye aliyechagua.

Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma tu. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani. Elimu hiyo ndiyo iliyomtia katika siasa. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Sultani Majid, Salme ndiye aliyewaandikia barua wenye njama. Njama ikashindwa. Baadaye alipatana na Majid, na kwa sababu hiyo wale waliokuwa upande wa Barghash wakamkasirikia. Kwa hiyo nyumba ilikuwa imegawanyika kabla ya mchumba kuonekana.

Mchumba huyo alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, aliyekuwa jirani yake mjini Unguja. Hatufichi kwamba Salme alipata mimba kabla ya ndoa. Wala tusiwadharau jamaa zake. Kwa sheria ya Kiislamu mwanamke Mwislamu haolewi na mwanamume asiye Mwislamu, na sababu hiyo ya dini yafaa tuiheshimu. Hata hivyo hatari kwa maisha yake ilikuwa kubwa. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akapelekwa Aden.

Huko, katika kanisa la Kiingereza, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafungishwa ndoa na Heinrich. Wakasafiri kwenda Hamburg. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga, kisha wakajaliwa wengine 3. Mwezi wa Agosti 1870 Heinrich alipatwa na ajali ya tramu, akafa. Mjane akabaki ugenini, na fedha zake zilikuwa haba. Mwaka huo huo Majid naye alifariki, na Barghash akawa Sultani.

Ndoa kuwa chombo cha wakubwa

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alikwenda huko akitumaini kupatana naye. Kwa maelezo yake mwenyewe, mkubwa mmoja wa Kiingereza, Sir Bartle Frere, alimshawishi asimwendee kaka yake, akaahidiwa kwamba watoto wake wangetunzwa. Sultani alipokwisha kuondoka, ahadi haikutimizwa. Waingereza hawakutaka rafiki yao Sultani achukizwe.

Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya Wajerumani, na hapa habari inafika mpaka milimani kwetu. Katika mwaka 1885 Sultani Barghash alimtuma Jenerali Mathews hadi Kilimanjaro ili Mangi wakubali bendera yake. Muda mfupi baadaye Mjerumani Jühlke naye alifika, akafanya mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga Unguja, na mizinga ikaelekezwa kwenye jumba la Sultani. Katika msafara huo wa meli alikuwamo Salme, mama wa miaka karibu 41, aliyekuja kudai urithi wake.

Mkuu wa serikali ya Ujerumani, Bismarck, hakumleta kwa huruma. Kwa ndoa yake Salme alikuwa raia wa Ujerumani. Kama angedhuriwa, Ujerumani ingepata sababu ya vita. Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani, dai la mjane likawekwa kando. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi, na Kilimanjaro ikawa upande wa Wajerumani. Salme hakupatana na kaka yake kamwe. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, na katika vitu vyake ulikutwa mchanga wa pwani ya Unguja.

Mlango uliofungwa London

Tuilinganishe ndoa hiyo na nyingine. Mwaka 1948 Seretse Khama, mrithi wa utawala wa Wabamangwato katika nchi ambayo sasa ni Botswana, alitaka kumwoa Ruth Williams, msichana Mwingereza, katika kanisa la Anglikana mjini London. Askofu hakukubali ndoa ifungwe mpaka serikali iridhie. Wakafunga ndoa ya serikali tarehe 29 Septemba. Baba yake mdogo, Tshekedi, aliipinga. Lakini mwaka 1949 baraza la kabila liliwakubali. Waliokataa mpaka mwisho walikuwa serikali ya Uingereza, kwa kuwaogopa makaburu wa Afrika Kusini waliokuwa na dhahabu na madini ya urani. Seretse alihamishwa nchini mwake tangu 1950 hadi 1956. Mwaka 1966 akawa Rais wa kwanza wa Botswana.

Hapa Kanisa letu linapaswa kujitazama. Kule Aden lilifungua mlango, lakini ubatizo na ndoa vikafanyika siku moja, na baadaye Salme mwenyewe alikiri katika maandishi yake kwamba Ukristo wake ulikuwa hafifu. Kule London wachumba wote wawili walitaka baraka ya Mungu, na Kanisa likauliza kwanza serikali inasemaje.

Sisi wa Moshi

Huku kwetu hakuna masultani wala manowari. Lakini kijana wa Machame akileta mchumba Mpare, au binti wa Rombo akiposwa na Msukuma, maneno hayakosi. Tunasema, "Hajui mila zetu." Tukichimba chini, mara nyingine tunakuta ni habari ya kihamba na nani atakirithi, au mahari, au baba alikuwa amekwisha kuahidiana na rafiki yake. Mambo hayo yana haki ya kujadiliwa. Lakini yajadiliwe kwa majina yake, yasivishwe joho la dini.

Tunavyoona sisi, Kanisa lina maswali yake kwa wachumba: Je, mmekubaliana kwa hiari? Je, mko huru kuoana? Je, mnaielewa imani mnayoahidi? Maswali hayo yaulizwe kwa uvumilivu, na mafundisho yachukue muda wake. Swali la nani atachukizwa lisitangulie mbele ya hayo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Katika Hesabu 12, Miriamu alitengwa siku 7, na watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Hilo latufundisha nini juu ya jamaa waliokosana kwa ajili ya ndoa?

2. Mtu akitaka kubatizwa kwa sababu ya ndoa tu, mtaa wetu umsaidieje ili asiwe Mkristo wa cheti?

3. Mjane aliyeolewa kutoka mbali, mumewe akifa, je, tunamtunza au tunamwacha kama walivyomwacha Salme?