Taji la Kaisari Leo

Ndugu wakatekumeni, wengi wenu huuliza kwa nini Wakristu huheshimu msalaba na picha za watakatifu, ilhali amri ya Mungu yakataza kuabudu sanamu. Swali hilo liliisumbua Eklezia ya Mashariki kwa zaidi ya miaka 100. Katikati ya ugomvi huo alitawala Kaisari mmoja kwa miaka 5 tu, na watu husimulia kifo chake kana kwamba ni ushahidi. Na tukitazame.

Huyo ni Leo wa Nne wa Konstantinopoli, aliyezaliwa mwaka 750. Baba yake, Konstantino wa Tano, alizichukia picha takatifu, akawatesa wamonaki kwa ukali. Leo alipomrithi mwaka 775, hakuifuta sheria ya baba yake, lakini aliwaacha wamonaki wapumue, hata akawaweka baadhi yao kuwa maaskofu. Mkewe, Irene wa Athene, alikuwa upande wa picha.

Katika Kwaresima ya mwaka 780 mambo yaligeuka. Watumishi kadhaa wa jumba la Kaisari walikamatwa kwa kosa la kuheshimu picha. Walipigwa mijeledi, wakanyolewa, wakatembezwa mjini kwa aibu, wakatiwa gerezani; mmoja wao alifia humo. Kisha, tarehe 8 Septemba mwaka ule ule, Leo naye akafa, mwenye miaka 30.

Mmonaki Theophanes, aliyeishi siku zile, aandika kwamba Leo alitamani mno vito vya thamani. Alitwaa taji lililowekwa wakfu katika Kanisa Kuu, akalivaa; majipu yakamtoka kichwani, homa ikamshika, akafa. Msomaji aelewa mara moja: Mungu amempiga. Lakini Theophanes alikuwa mtetezi wa picha, naye hakumpenda Kaisari huyo.

Baadhi ya wanahistoria wa siku hizi wana shaka nyingine. Irene alishika utawala papo hapo kwa niaba ya mwanawe, Konstantino wa Sita, mwenye miaka 9. Krismasi iliyofuata alilirudisha taji kanisani, limepambwa kwa lulu. Wao wauliza: je, habari ya taji ilienezwa ili kuficha sumu?

Nilipoisimulia habari hii darasani, wazee wawili wakasema pamoja, “Mke ndiye!” Nikawauliza, “Baba zangu, nani aliona?” Wakanyamaza. Nasi twajua desturi yetu: kijana akifa, kabla kaburi halijafukiwa jina la mtu limekwisha kutajwa. Amri ya nane yawalinda hata wajane wa makaisari.

Wala fundisho la picha halihitaji majipu ya Leo. Mwaka 787, Irene akiwa mtawala, Mtaguso ulikutana Nisea, ukafundisha kwamba ibada ni ya Mungu peke yake. Heshima inayopewa picha humfikia yule aliyechorwa, haikomei kwenye rangi na ubao.

Lipo jambo moja ambalo hakuna anayelibishia. Mwaka 776 majeshi yalimwomba Leo amvike mwanawe taji, naye akasita. Aliogopa kwamba yeye akifa mapema, watamwua mtoto ili wamweke mwingine. Mtoto akakua. Mwaka 797 alipofushwa macho kwa amri ya Irene, mama yake mzazi, aliyetawala peke yake hadi alipoondolewa mwaka 802.