Jani la mahindi laweza kulipofusha jicho

Wasomaji wengi wa mjini hurudi mashambani mwezi wa Agosti kuwasaidia wazazi kuvuna mahindi. Tuseme uko kwenu Gesima, Nyamira. Unavunja mahindi, mara jani kavu linakukwaruza jicho. Linauma, linatoa machozi, kisha linatulia nawe unasahau. Baada ya wiki moja hivi jicho limekuwa jekundu, mwanga unakuchoma, unaona ukungu, na doa jeupe limetokea mbele ya mboni.

Usidhani ni macho mekundu ya kawaida. Huenda kuvu ya udongoni imeota ndani ya jicho lako.

Kuvu ni nini?

Kuvu ni viumbe wa jamii moja na ule ukungu unaoota kwenye mkate uliolala. Nyingi huishi udongoni na kwenye majani yanayooza bila kutudhuru. Hizo ndizo huozesha takataka zikawa mbolea. Lakini chache zina madhara, na mojawapo ni jamii iitwayo fusariamu.

Wakulima wa Kisii na Nyamira wanaijua kazi yake hata kama hawalijui jina. Aina moja huingia mgomba kwa mizizi na kuziba mishipa inayopandisha maji. Majani hugeuka manjano na kuning'inia, na ukikata shina utaona michirizi ya kahawia. Ndizi sukari huathirika sana, na kuvu hiyo hubaki ardhini zaidi ya miaka 20. Aina nyingine huozesha mahindi na kuacha sumu inayoharibu ubongo wa punda na farasi wanaolishwa mahindi hayo. Jamaa zao wengine hushambulia jicho la binadamu.

Inavyoingia

Sehemu angavu iliyo mbele ya jicho huitwa konea. Ikiwa nzima, ni ukuta imara. Jani la mahindi, nepia au kijiti kikiikwaruza, hufungua mlango na wakati huo huo hupanda mbegu za kuvu. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kutazamana wala kwa kupeana mikono.

Kosa kubwa

Wengi hukimbilia matone ya dukani. Antibiotiki haziui kuvu. Hatari zaidi ni matone yenye steroidi. Hayo hupunguza wekundu na maumivu, mgonjwa akadhani amepona, kumbe yamewalaza askari wa mwili huku kuvu ikizidi kuchimba. Konea yaweza kutoboka na jicho likapotea. Maziwa ya mama, mate na maji ya mitishamba pia yasitiwe jichoni.

Tiba

Daktari wa macho hukwangua kidonda kidogo na kutazama alichokwangua kwa hadubini. Kuvu ikionekana, dawa inayotegemewa ni matone ya natamaisini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017. Mwanzoni hutiwa kila saa, na tiba huendelea kwa wiki kadhaa. Usiache kwa sababu maumivu yamekwisha. Mwaka 2022 shirika hilo liliitaja fusariamu miongoni mwa kuvu zinazostahili kupewa uzito mkubwa.

Fanya hivi

1. Vaa miwani, hata ya bei nafuu, unapovuna mahindi au kukata nepia.
2. Jicho likikwaruzwa, lioshe kwa maji safi mengi. Usilisugue.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, nawe useme wazi kwamba ulikwaruzwa na jani.
4. Doa jeupe, maumivu au kuona vibaya kukitokea, hata baada ya wiki mbili, muone daktari wa macho bila kuchelewa.

Mama akikupigia simu kutoka nyumbani kwamba jicho limekwaruzwa na bado linauma, usimtumie pesa za kununua matone. Mtumie nauli ya kwenda kwa daktari wa macho.