THOMAS CASE: MCHEZA KRIKETI ALIYEKUWA PROFESA

Katika somo hili tutatazama maisha ya Mwingereza mmoja, Thomas Case. Alikuwa mwanamichezo, kisha akawa msomi mkubwa. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanatuletea swali linalotuhusu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani: Je, elimu ni ya nani?

Case alizaliwa Liverpool mwaka 1844, wakati wa utawala wa Malkia Victoria. Alisoma shule ya Rugby, kisha Chuo Kikuu cha Oxford. Huko alichezea timu ya kriketi ya chuo toka mwaka 1864 mpaka 1867.

Kriketi huchezwa na timu mbili, kila timu watu 11. Mmoja hurusha mpira. Mpinzani wake huupiga kwa gongo bapa, usije ukaangusha vijiti vilivyo nyuma yake. Akiupiga mbali hukimbia, timu yake ikapata pointi. Case aliichezea pia timu ya jimbo la Middlesex.

Baadaye alishika vitabu. Mwaka 1888 alitoa kitabu cha falsafa. Swali lake lilikuwa hili: tunajuaje kwamba vitu vipo kweli? Hebu tuchukue mfano. Ukigusa sufuria ya moto unashtuka. Case alisema kwamba unachokihisi hasa ni mabadiliko ndani ya neva zako, yaani nyuzi za mwilini zinazopeleka habari kwenye ubongo. Kutoka hapo ndipo akili inakata shauri kwamba nje ipo sufuria ya moto. Mwaka 1889 akawa profesa. Mwaka 1904 akawa mkuu wa Chuo cha Corpus Christi, hapo hapo Oxford.

Je, mtu huyu alisemaje wanawake walipobisha hodi? Toka mwaka 1879 wanawake walikuwa na nyumba zao za kusomea Oxford. Walisoma, wakafanya mitihani, wakafaulu. Lakini shahada, wapi! Mwaka 1895 Case aliandika makala kupinga wasipewe. Mwaka 1896 wakubwa wa chuo walipiga kura, wakakataa. Case alitetea pia sheria ya kumlazimisha kila mwanafunzi ajue Kigiriki cha kale. Sheria hiyo ilikuwa kikwazo kwa watu ambao shule zao hazikufundisha lugha hiyo.

Mwaka 1920 mambo yaligeuka. Sheria ya Kigiriki iliondolewa, na mwezi wa Oktoba wanawake walipokea shahada zao kwa mara ya kwanza. Case aliyaona hayo akiwa bado mkuu wa chuo chake. Aliacha kazi mwaka 1924, akafariki mwaka 1925.

Tunajifunza nini? Kwamba mtu aweza kusoma sana na bado akawafungia wenzake mlango. Basi na sisi tujitazame. Tukishajua kusoma, tusiseme eti mama mzee au binti wa jirani hana haja ya darasa. Elimu haipungui kwa kugawiwa.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Case alipinga mambo gani mawili?
2. Wanawake wa Oxford walingoja miaka mingapi toka kura ya 1896 mpaka kupata shahada?
3. Kijijini kwenu ni nani ambaye bado hajafunguliwa mlango wa elimu? Mtafanya nini?